Neno la Kulaza Mlingoti

...na daraja ndilo lile, limejengwa kwa ajili ya miguu ya wachuma kahawa, si kwa ajili ya mashua, mlingoti wetu unalizidi kwa kimo cha mtu mzima, kwa hivyo lazima ulale kabla hatujafika, na wa kuulaza leo ni mimi, tanga tumeshalikunja, kamba iko mkononi, nimeizungusha kwenye kigingi isinichome viganja, mikono yangu naiamini, kinachonitia baridi ni neno... “Mama Tabby, uko tayari? Sauti, eh?” ni Bwana Jagdeep huko nyuma kwenye usukani, mashua ni yake, kila Jumapili anavusha watu wa pikiniki bwawa hili, na sheria yake ni moja, anayelegeza kamba ndiye anayepaza sauti, “Laza!” basi, watu wainame, maana mlingoti unaangukia nyuma, juu ya vichwa vyao, na leo tumebeba akina mama wa kanisa kutoka Gatongora na kofia zao za harusi... neno moja, na kwenye karatasi naliweza, l-a-z-a, darasa la saba imla zangu zilirudi bila alama nyekundu hata moja, lakini ulimi una mambo yake, kwetu Kiganjo l huingia mdomoni ikatoka r, siku ya kwanza nililisema, naye Gachau, mwenzangu wa kazi hapa mashuani, akashika tumbo, “Raza? Unataka kutunyoa, mama?” mashua nzima ikacheka, “Jifunikeni nywele, wembe unakuja!” na huyo Gachau, nyumba yao iko nyuma ya yetu, mamake hununua mchere na kupanda rori, lakini yeye amekaa Nairobi kidogo, ulimi wake umenyooka, basi safari iliyofuata nikalegeza kamba nikiwa kimya na yeye akanipazia neno, “Wewe fanya na mikono, mdomo niachie mimi,” na Bwana Jagdeep akatikisa kilemba, akasema mlingoti mmoja hauandikiwi watu wawili, Jumapili ijayo atachagua mmoja wetu, na Jumapili ndiyo hii, daraja linakua... kuna watu juu yake, wameegemea, wanatazama, mbona leo wamejaa hivyo, nikinyamaza kazi ni ya Gachau, nikisema vibaya ni kicheko mpaka ng'ambo... “Kwani huyu msichana ni bubu?” anauliza mama mmoja, wenzake wanamwita Wilkister, kofia yake ina ua kubwa kama kabeji, na mlingoti uko sawasawa juu ya hilo ua, “Hapana, mama, ni haya tu,” Gachau anamjibu, sauti tamu, kisha kwangu, chini chini, “Nikuazime mdomo?”... na kule ukingoni ni Tabby wangu anayelia, maji yanaleta sauti, dada yangu Shiko amemweka begani anamrusharusha, si hivyo, Shiko, halazwi hivyo, mtoto hulazwa pole pole, uzito unauachia kidogo, unaushika, unauachia tena, mpaka kichwa kiguse mto bila yeye kujua, na ukiwa unaachia unamwambia, mimi kila usiku namwambia, raza kichwa, maitu, mama yangu mdogo, raza... raza, ndiyo, hivyo hivyo, na analala, hajawahi kufungua jicho aniulize herufi, hajawahi kucheka, neno langu linamlaza tangu azaliwe, na hii kamba ni kazi ile ile, achia, shika, achia, kwa nini neno lililonitosha kumlazia mtoto lishindwe na mti... tahajia ni ya daftari, nayo ninayo, hakuna wa kuninyang'anya, lakini hapa hakuna daftari, kuna vichwa, na kichwa hakiinami kwa sababu ya l, kinainama kwa sababu ya sauti... Gachau anajaza kifua, namwona, anataka kuniibia, hapana, hili nimelilipia kwa vicheko vyenu vyote, hili ni langu, wacheke, wa mashuani na wa darajani, wacheke mpaka watokwe na machozi, lakini wa mashuani watacheka wakiwa wameinama... kamba bado imekaza, mlingoti bado umesimama, daraja bado liko mbele, na mdomo ni wangu, nimeufungua, “RAZA!”