Ngozi ya Mtamba wa Mahari

Mtamba mwekundu alikufa ghafla tu, asubuhi, kalala ubavu mlangoni mwa zizi, tumbo limefura, damu nyeusi inamtoka puani na haitaki kuganda. Nyamhanga alipomwona, akachuchumaa kando yake. Huyu hakuwa ng'ombe wa hivi hivi. Alikuwa wa mahari ya Wankyo, binti yake wa pekee, aliyeolewa Manyamanyama kule Bunda, na mwaka ulikuwa bado haujaisha.

Mila ya pale Butiama ilikuwa wazi. Ng'ombe wa mahari akifa kabla ya mwaka, wakwe wanaleta mwingine, mradi waione ngozi yake kwa macho. Bila ngozi umepata hasara, na utaitwa mwongo juu yake.

Felisian, bwana mifugo, akafika na baiskeli yake isiyo na breki kabla kisu hakijagusa mzoga.

"Mzee, usimpasue! Hiki ni kimeta. Chimba shimo refu, umchome na ngozi yake. Vijidudu vyake vinakaa kwenye ngozi miaka na miaka. Vikikuta mchubuko tu, umekwisha."

"Nikimchoma, wakwe zangu nitawaonyesha nini? Majivu?"

"Nitawaandikia barua, niigonge muhuri."

"Barua!" Nyamhanga alicheka kwa hasira. "Chanjo tulikuwaga tunapata, sasa hamna. Dawa ya josho hamna. Hata sabuni ya kunawa tumeisahau. Kilichobaki ofisini kwenu ni muhuri?"

Kweli mikono ya Felisian ilikuwa mitupu. Akasisitiza habari ya shimo, akapanda baiskeli yake, akaenda. Na Nyamhanga, mbishi yule, akanoa kisu. Nyama aliizika, hakuwa mjinga kiasi hicho. Ngozi akaichuna, akaianika nyuma ya nyumba.

Siku hizo Wankyo alikuwa amekuja kumwuguza mama yake, Petronila, aliyeshikwa na homa. Alipokuwa anarudi kwake, baba akamkunjia ile ngozi, hata haijakauka vizuri, akamwekea begani.

"Mpe baba mkwe wako mkononi. Usimpe mtu mwingine."

"Inanuka, baba."

"Na mahari yako nayo ilinuka samadi, mbona tuliipokea?"

Wakacheka wote wawili. Lori la pamba likampakia, ngozi ikimkwaruza shingoni.

Hazikupita siku nyingi, kipele kikamtoka Nyamhanga kwenye kidole. Kikavimba, katikati kikawa cheusi ti, na cha ajabu hakikuuma. Petronila ndiye aliyemwita Felisian. Felisian alikitazama mara moja tu, akampakia mzee kwenye baiskeli mpaka zahanati ya misheni, ambako penisilini ilikuwa haijaisha. Akachomwa sindano. Walipotoka nje, Felisian akamshika mkono.

"Mzee, uliichuna. Haya, yamepita. Nani mwingine kaigusa ile ngozi? Iko wapi?"

Hapo ndipo Nyamhanga aliposhindwa kuwa mtu. Alijua fika. Lakini akisema, Felisian angekwenda Bunda, angeiteketeza ngozi kabla wakwe hawajaikagua, na mtamba wake angekuwa amekwenda na moshi. Labda hawajaiona bado, akawaza. Na Wankyo ni binti mwenye nguvu, kidonda chenyewe hata hakiumi.

"Hakuna aliyeigusa. Niliichoma."

"Una hakika?"

"Mimi si mtoto, bwana mifugo."

Nyumbani alimweleza Petronila kwamba kakutwa na jipu baya, basi. Kidole kikapona. Akawa anakikunja na kukikunjua, anatabasamu peke yake.

Kisha siku moja lori likasimama njiani, akashuka mkwe wake, Mwikwabe, baba mkwe wa Wankyo, anavuta mtamba mweupe, mzuri ajabu. Moyo wa Nyamhanga ukaruka kwa furaha. Akatoka mbio, mikono juu.

"Ngozi imefika!"

"Imefika, mkwe." Mwikwabe hakutabasamu. Hakukubali hata kiti. "Wankyo aliileta mwenyewe. Kikamtoka kidonda shingoni, cheusi. Alisema hakiumi, nasi tukadhani jipu. Shingo ikavimba mpaka pumzi ikawa ya shida. Tukamkimbiza Musoma. Daktari akauliza, kagusa mnyama mgonjwa? Sisi tungejua wapi? Mpaka wanakuja kuitambua dawa ya kumpa, tumechelewa. Yuko nyumbani, amelazwa sebuleni. Nimekuja kuwachukua mkamzike."

Nyamhanga akaishusha mikono yake.

"Na huyu," Mwikwabe akasema, akiipapasa shingo ya mtamba, "alituusia mwenyewe kitandani. Msimsahau ng'ombe wa baba, alisema. Alirudia hilo mpaka mwisho."

Petronila alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Hakupiga yowe. Alimtazama mume wake kidole, kisha uso, akaelewa. Akatembea mpaka kwa Mwikwabe, akapokea kamba, akaja nayo kwa Nyamhanga, akamfumbatisha katika mkono ule uliopona.

"Shika," alisema. "Ng'ombe wako huyu."