Majeraha Yametoka

Basi la kukodi liliwashusha wapiga picha sokoni asubuhi, wanawake wakichambua vitunguu upande mmoja wa turubai na dagaa upande wa pili. Mji ule unalima na kuvua, na kila kitu chake, hata mito ya kulalia, kinanuka vyote viwili. Wageni walikuja kushinda tu na kurudi. Walilala chali vumbini, wakapanda juu ya magunia, wakapiga picha majembe, nyavu, na mbuzi mmoja aliyejisikia kwelikweli.

Mke wa marehemu hakuwa na haja na mbuzi. Watu walimwita mjane, naye aliwakemea: mjane gani huyo anayefua shati la mume kila siku? Mumewe alipitiwa na boti ya kampuni ya samaki msimu uliopita, akafa, akazikwa, na wiki ileile akarudi nyumbani. Alishinda uani akishona nyavu. Kifuani alikuwa na majeraha marefu ya pangaboi la injini ya boti, yasiyofunga wala kukauka. Ziwani pale watu wote wanapiga makasia. Mwenye injini ni kampuni peke yake. Lakini kampuni ilishatangaza kwamba alilewa akazama, na maneno hayo watoto wake walirushiwa kila siku shuleni. Mke alimkokota mumewe hadi ofisini. Meneja akawakaribisha viti, akaeleza kwa upole kwamba marehemu hawezi kutoa ushahidi wa kifo chake mwenyewe. Walete picha.

Ndiyo maana siku hiyo alimshika mkono kijana mwenye kofia pana na kamera mbili shingoni, akampeleka uani kwake.

"Shikamoo, mzee," kijana alisema.

"Marahaba. Usinitoe mnene tu," marehemu akajibu, akivua shati.

Kijana alipiga, akasogea, akapiga tena. Damu ilidondokea nyavu. Alisema mwanga ulikuwa mzuri sana.

"Mwanangu," mke akamwambia, "hayo majeraha nataka yatoke. Yote, hata hilo dogo la kwapani."

"Yatatoka, mama, wala usijali. Nikifika nitaisafisha vizuri, nikuletee."

Mke alifurahi mno. Enzi zake, kusafisha picha kulikuwa kupeleka filamu studio, ukarudishiwa karatasi. "Isafishe basi, baba," akamsihi. "Mungu akubariki."

Picha ililetwa na kondakta wa basi, kubwa, ndani ya fremu. Marehemu alikuwa anatabasamu, kifua laini kama cha mvulana. Asubuhi hiyohiyo majeraha yalikuwa yamefutika kwenye kifua chenyewe pia. Mke alipapasa na kupapasa, hata kovu hakulipata. Akampigia kijana simu.

"Nilikwambia yatoke!"

"Si yametoka, mama?" kijana alisema, na kwa kweli alishangaa anagombezwa kwa lipi.

Akaenda ofisini hivyohivyo, mume kushoto, fremu kulia. Meneja alivaa miwani, akaangalia picha, akamwangalia mzee.

"Hana hata mkwaruzo huyu. Hongereni, picha imetoka nzuri." Akaomba nakala ya kutundika mapokezi.

Nyumbani marehemu alikaa uani, akijigusa kifua kwa kidole.

"Sasa, mke wangu, mimi nilikufa na nini?"

Mke alikuwa amechoka. "Wanasema ulilewa ukazama."

Marehemu alifikiri kidogo. Hakuwa mtu wa mabishano hata alipokuwa hai.

"Basi nilizama," alisema. Akakohoa, na maji ya ziwa yakaanza kumtoka mdomoni na puani, mengi, ya kijani, yakinuka pombe. Maishani mwake hakuwahi kuionja. Mke akakimbilia ndani kutafuta beseni, amfute kabla watoto hawajarudi kutoka shule.