Mama Yake Mfalme

Mjini Greenock, ambako mvua haibishi hodi, kila mtu alikuwa na kisa chake kuhusu Murdo Gilfillan. Mwenye baa alidai ndiye aliyemnywesha bia ya kwanza. Mwalimu mmoja mstaafu alidai ndiye aliyemfundisha kughani mashairi, ingawa Murdo mwenyewe hakumbuki lolote la darasa lile isipokuwa kutolewa nje. Lakini kisa cha kweli, ambacho Murdo alikisimulia mpaka kwenye televisheni, kilikuwa kile cha paa.

Enzi hizo alikuwa fundi wa mapaa, kama marehemu baba yake. Siku moja alitumwa kuziba paa la ukumbi wa maigizo lililokuwa likivuja. Ubao ukamvunjikia, mguu mmoja ukapenya darini na kuning'inia juu ya vichwa vya waigizaji waliokuwa wakifanya mazoezi ya tamthilia ya huzuni. Murdo akautukana ubao, akamtukana seremala aliyeupigilia, akamtukana na babu wa seremala, kwa sauti nene iliyoujaza ukumbi mpaka viti vya nyuma. Mwongozaji hakukasirika. Aliinua uso akauuliza ule mguu:

"Bwana, ukishashuka, unaweza kuyasema hayo tena bila matusi?"

Basi ndivyo alivyoingia kwenye sanaa.

Njia haikuwa laini. London walihangaika na ulimi wake wa Greenock, wakamwambia azungumze kama watu wengine. Alipokataa, wakampa kazi za kufa. Kwa miaka mingi Murdo alikuwa mtu wa kuuawa mapema ili shujaa apate sababu ya kukasirika. Mama yake, Nettie, alikuwa akimpigia simu baada ya kila filamu.

"Safari hii wamekuuaje, mwanangu?"

"Kwa shoka, mama."

"Afadhali. Ile ya kuzama ilinitia baridi wiki nzima."

Kisha nyota ikang'aa. Alipewa nafasi ya mpelelezi mnene, mkorofi, mpenda sambusa za nyama, katika tamthilia ya televisheni ambayo ilikusudiwa kudumu msimu mmoja tu. Watu wakampenda mpaka wakawa wanamsimamisha njiani wamweleze nani kaiba baiskeli zao. Baada ya hapo zikaja filamu kubwa, na fedha zikafuata kama mto uliopata bonde. Murdo alinunua nyumba London, akanunua gari ambalo mlango wake ulimshinda kuufungua, mwisho akanunua kasri kuukuu la mawe huko Argyll, kando ya ziwa, lenye vyumba vingi kuliko idadi ya rafiki zake. Wake wawili walipita mle kwa nyakati tofauti, wakaondoka kwa amani, kila mmoja akisema kuna baridi. Murdo akabaki na vyumba vyake. Paa lilipovuja alipanda mwenyewe kulitengeneza, na hizo ndizo zilikuwa siku zake za furaha kuliko zote pale.

Kitu kimoja tu kilimshinda: kumhamisha mama yake. Nettie alikuwa na miaka zaidi ya sabini na mitano, mwembamba, macho makali, akiishi katika nyumba ileile ya manispaa, ghorofa ya tatu, dirisha likitazama mto Clyde.

"Nije huko Argyll nikapige soga na kulungu?" alikuwa akimjibu. "Hapa nina Senga mlango wa pili, nina mchezo wa bingo kila Alhamisi. Wewe huko una nini?"

Katika utajiri wote ule, alichokubali ni birika jipya la umeme na likizo ya Uhispania kila mwaka, yeye na shoga yake Senga McAuslan.

Mwaka huo wa kisa chetu, Murdo alikuwa na siri ambayo hakumwambia mtu. Simu zilikuwa zimepungua. Nafasi zilizokuwa zake zilikwenda kwa vijana wenye vifua vipana. Kwa hiyo alipopewa nafasi ya mfalme wa Waskoti wa kale katika filamu kubwa, tena ya kupigwa picha palepale kwenye kasri lake, alisema ndiyo kabla hajauliza swali lolote.

Watengenezaji wa filamu walifika Oktoba kusoma mswada pamoja. Wiki hiyohiyo mitambo ya kupasha joto katika jengo la Nettie iliharibika, na bibi wawili wakashuka kwenye teksi mbele ya kasri, kila mmoja na mfuko wake wa soseji, kana kwamba Argyll hakuna maduka.

"Siku chache tu," alisema Nettie, akimpa mwanawe shavu. "Umekonda. Au ni ndevu hizo?"

"Ni za mfalme, mama."

"Mfalme gani huyo asiye na kinyozi?"

Usomaji ulifanyika kwenye ukumbi mkubwa, moto ukiwaka. Mwongozaji alikuwa mwanamke mtulivu wa London, Harriet Voss, aliyezungumza kidogo na kutazama sana. Pembeni yake alikaa Bwana Pelham, mwalimu wa lafudhi, mtu mpole mwenye tai ya kipepeo. Murdo alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti yake. Pelham akakohoa.

"Bwana Gilfillan, ni vizuri mno. Ila, samahani sana, wenye fedha za filamu wanasema watazamaji wa ng'ambo hawataamini kwamba wewe ni Mskoti."

Murdo alimtazama. "Nimezaliwa Greenock."

"Ndiyo, ndiyo. Lakini Uskoti wanaoujua wao si ule. Wao wanataka ile 'r' inayoviringika. Hivi." Na Pelham akaviringisha 'r' yake, ndefu kama kamba inayoporomoka kisimani.

Murdo mwingine, yule wa darini, angemtukana yeye na babu yake. Murdo huyu alizikumbuka simu zilizonyamaza, akaviringisha. Akaviringisha tena. Sauti iliyotoka ilikuwa ya boti yenye injini mbovu.

Mlangoni mtu aliangua kicheko. Alikuwa Nettie, ameshika sinia la chai, vikombe vikigongana.

"Baba," alimwambia Pelham kwa huruma, "mwanangu unamfundisha kuzungumza au unamtibu koo?"

"Mama, tafadhali," alisema Murdo, masikio yakiwa mekundu. "Tuko kazini."

"Nimeona kazi yenyewe." Nettie akaweka sinia mezani, akachukua mswada uliokuwa karibu, akausogeza mbali na macho ili aone. "Hapa nani anamjibu mfalme? 'Mama yake mfalme.' Haya."

Akasoma. Hakupaza sauti. Mama wa mfalme alikuwa akimwonya mwanawe dhidi ya watu wanaomsifu, na Nettie alimwonya kama mtu anayemwambia mtoto avae koti. Mstari wa kwanza watu walitabasamu. Wa tatu, hakuna aliyetabasamu. Alipofika mahali mama anaposema alimzika mume na hatamzika mwana, Senga, aliyekuwa amesimama nyuma na sahani ya biskuti za siagi, alianza kulia, na biskuti zikaanza kuteleza moja moja.

Nettie akaufunga mswada. "Chai inapoa," akasema.

Harriet Voss hakugusa chai. "Bibi Gilfillan," aliuliza, "umewahi kuigiza?"

"Mimi? Nimefanya kazi kiwanda cha kamba."

"Ungependa kuigiza?"

Murdo alitarajia mama yake acheke. Badala yake Nettie alijipangusa mikono kwenye aproni, polepole, akatazama moto.

"Sijui," akasema. "Nipeni mpaka nimalize kupika."

Jioni ile mtu na mama yake walikaa jikoni, nyama ya kusaga ikichemka, Murdo akiponda viazi kwa nguvu kuliko vilivyohitaji. Alikuwa na hasira, na alipoichunguza hasira yenyewe aliona aibu, maana ilikuwa wivu mtupu.

"Ulijifunzia wapi vile?" aliuliza hatimaye.

"Vipi?"

"Mama, usinifanyie hivyo. Mimi kazi yangu ndiyo hii. Najua nilichokiona."

Nettie alikoroga sufuria kidogo. "Kule kiwandani, wakati wa chakula, nilikuwa nawaigiza wasimamizi. Mmoja mmoja. Wasichana wanakojoa kwa kucheka. Siku moja likaja kundi la maigizo mjini, mkuu wao akanisikia, akasema njoo nasi, tunakwenda Aberdeen. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikafunga sanduku."

"Kisha?"

"Kisha babu yako akaketi juu ya sanduku. Na alikuwa mzito yule mzee. Akaketi mpaka gari moshi likaondoka."

Murdo aliacha viazi. "Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza. Na usinitazame kama mbwa aliyenyeshewa, sikujuta. Nilimpata baba yako, tukacheka miaka yote ile. Nikakupata wewe." Akaonja mchuzi, akaongeza chumvi. "Ila nikwambie ukweli mmoja. Kila walipokuua kwenye sinema, nilikuwa nasema moyoni: mimi ningekufa vizuri zaidi."

Murdo alimtazama yule bibi mwenye mwiko mkononi, kicheko kikampanda kutoka tumboni. Walicheka wote wawili mpaka Senga akaja kuuliza kama kuna mtu kaungua.

"Kubali, mama," alisema Murdo, akifuta macho. "Kubali kabla hawajapata mwingine."

Nettie akakubali, na Senga akajiteua kuwa msimamizi wake. Ndiye aliyewaambia wenye filamu kwamba Bibi Gilfillan hafanyi kazi siku za bingo, hakai kwenye upepo, na taji lile ni zito, watafute lingine. Wakatafuta lingine.

Siku ya onyesho kubwa, lile la mfalme na mama yake wakigombana, ilinyesha kama kawaida, na watu waliojaa ukumbini walinuka manyoya mabichi. Kamera zikawashwa. Murdo akaingia na vazi lake la ngozi, akaanza maneno yake kwa ile 'r' aliyoifanyia mazoezi wiki nyingi. Nettie alimsikiliza kidogo, kisha akainua mkono.

"Murdo. Zungumza kama mtu."

"Mama! Kamera zinakwenda!"

"Ziende. Mimi nitamkanyaje mwanangu nami siitambui sauti yake? Huyu ni nani aliyeingia hapa? Umeniletea mgeni!"

"Hujui lolote wewe!" Murdo alipaza sauti, na sauti ilikuwa ya Greenock, ya barabara za milimani na mvua inayopiga kwa ubavu. "Hujui ninavyobanwa! Unadhani napenda kuwachekea hawa? Nikikataa wataleta mwingine, kijana, na mimi nitabaki na mawe haya na baridi yake!"

"Basi baki na mawe!" Nettie alimsogelea mpaka taji likamgusa kidevuni. "Mawe hayajawahi kumwonea mtu haya. Lakini usinijie na uso wako na ulimi wa kuazima. Nilikuzaa na sauti. Niliisikia kabla sijakuona."

Macho ya Murdo yalijaa maji. Akapiga goti, bila kukumbuka kama mswada ulisema hivyo, akaweka kichwa kwenye tumbo la mama yake, naye Nettie akaweka mkono kwenye nywele zake zilizochafuliwa kwa ajili ya filamu.

Ilipita muda kabla Harriet Voss hajasema, "Kata."

"Samahani," alisema Murdo, akiinuka. "Turudie."

"Haturudii," alisema Harriet. "Ukiondoa jina Murdo na yale ya kamera, nimepata nilichokuwa nakitafuta. Na filamu nzima itakuwa kwa sauti hiyo. Nitazungumza na wenye fedha mwenyewe."

Bwana Pelham alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Alilegeza tai yake, akaja kumshika Nettie mkono. "Bibi, kwa miaka yote niliyofundisha kuviringisha, leo umenipumzisha." Alikaa Argyll wiki mbili zaidi bila kazi yoyote, Senga akimfundisha kupika keki ya kuchemshwa ndani ya kitambaa, naye akawa fundi.

Filamu ilipotoka, magazeti yalimsifu Murdo kuliko alivyowahi kusifiwa. Waliandika kwamba alikuwa amerudi kwake. Lakini aya walizomsifu mama yake zilikuwa ndefu zaidi, na tuzo ilikwenda kwa mama. Alipanda jukwaani London akiwa na viatu vya bapa na mkoba wake wa bingo, akatazama ule umati wa vito na hariri.

"Baba yangu alikalia sanduku langu," alisema. "Mkimwona mtu amekalia la binti yenu, mwinueni. Asanteni. Sasa naomba nielekezwe choo."

Simu za Murdo zikaanza kulia tena. Kasri nalo likapata watu, maana Nettie sasa alikuja kila alipopenda, na hakuja peke yake. Wanawake wa bingo walijaza vyumba, wakatandika vitanda, wakawasha moto, na mke wa pili wa Murdo alipopita kusalimia alikaa mpaka Jumatatu.

Siku moja ya Machi, Murdo akiwa juu ya paa akibadilisha kigae, simu ililia mfukoni.

"Uko wapi?" aliuliza Nettie.

"Juu ya paa."

"Shuka, usije ukavunjika, nina habari. Wamenipa filamu nyingine, ya Glasgow. Mimi ndiye mkuu. Kuna nafasi ya dereva wa teksi, maneno machache tu. Nimewaambia nina mtoto anaweza kuendesha."

"Mama, mimi nimecheza mfalme."

"Ndiyo maana nimekuombea. Lakini wanataka kukusikia kwanza, siwezi kukupitisha kienyeji, watu watasema. Ni Jumanne. Uje umenyoa."

"Sawa, mama," alisema Murdo, akicheka peke yake kule juu, ziwa likimeremeta chini yake. Kisha akashuka ngazi kwenda kutafuta wembe.