Nyusi ya Ama

Kozi zilikuwa mbili, na Daktari Ooi Bee Suan alitakiwa kuchagua moja kabla jioni haijaingia.

Ya kwanza ilikuwa ya siku mbili, hotelini Kuala Lumpur, na imebaki nafasi moja tu. Ya pili ilikuwa ya Jumamosi ishirini na nne, kule Ipoh, kwa daktari mzee aitwaye Foong, katika chumba kilicho juu ya duka la dawa. Zote zilifundisha madaktari kazi ya kupendezesha sura: sindano za kulegeza mikunjo, sindano za kujaza mashavu, na mengine ya namna hiyo.

"Jaza fomu, shoga," alisema Premala, daktari mwenzake katika zahanati ya serikali. "Mimi yangu nimeshatuma. Mwenye chumba tunachotaka kukodi anataka jibu kesho. Tukingoja hiyo ya Ipoh, kliniki yetu tutaifungua tukiwa vikongwe, na wateja wa kwanza tutakuwa sisi wenyewe."

"Nipe mpaka jioni."

"Jioni si ndiyo hii? Wewe hata kuchagua supu kunakushinda."

Bee Suan alicheka, lakini moyo haukucheka. Miaka sita walikuwa wakiiota kliniki hiyo, na chumba chenyewe kilikuwa hapa hapa George Town, hatua chache kutoka kibaraza alikokulia. Alichukua mkoba wake akaenda huko huko.

Shangazi Kim Looi alikuwa amekaa kwenye kibaraza hicho cha mbele ya maduka, juu ya kigoda kile kile cha Ama, bibi yake Bee Suan. Alipomwona hakuuliza kitu. Alimsogezea kiti, akamfunga nywele kwa utepe mwekundu, akampaka poda nyeupe ya mchele usoni kote. Kisha akashika uzi, ncha moja akaibana kwa meno, nyingine akaizungusha vidoleni. Uzi ukaanza kulia kri, kri, kri, ukinyofoa vinyweleo.

Mlio huo ulimrudisha Bee Suan mbali. Alijiona ana miaka minane, ametoka shule, amekaa sakafuni na kopo la poda mapajani, akimtazama Ama akifanya kazi. Mabiharusi walikuja kusafishwa uso kwa uzi siku moja kabla ya harusi, na mama zao wakisimama nyuma kutoa amri. Ama hakuwasikiliza. Kwanza alipitisha mgongo wa vidole vyake juu ya uso wa binti, kutoka kipaji mpaka kidevu, polepole, kama mgeni anayeuliza njia. Kisha alisema, "Umelala vizuri? Umekula?" Wengine aliwarudisha. "Ngozi imevimba. Rudi ukishaacha kulia." Na mama wa biharusi angefoka wee, Ama ameshaugeuza uso wake anakunywa chai.

Nyusi ya kushoto ya Ama ilikuwa nusu. Bee Suan alipokuwa mdogo alidhani amezaliwa nayo hivyo.

"Shangazi, unaikumbuka nyusi ya Ama?"

Uzi ukanyamaza. "Nitaisahauje? Nimeing'oa mimi." Kim Looi alitoa uzi mdomoni. "Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kwetu sisi mwanafunzi hagusi mteja kabla hajaujaribu uzi kwenye uso wa mwalimu wake. Uzi ukaniteleza, nusu ya nyusi ikaenda. Haikuota tena. Nikafungasha nguo zangu nikimbie. Ama akanikuta mlangoni akasema, 'Unakwenda wapi? Bado upande wa kulia.'"

Wakacheka wote wawili. Ama hakuwahi kuichora nyusi hiyo kwa wanja. Alikwenda nayo sokoni, alikwenda nayo hekaluni, na aliyeuliza aliambiwa, "Kim Looi alikuwa anajifunza."

"Sasa hao watu wa kozi," Kim Looi aliuliza, "wamekuuliza nini?"

"Kama nakula kuku au mboga tu."

"Na wewe umewauliza nini?"

Bee Suan alitoa simu mkobani.

"Kawaulize uso wa kwanza utakaojifunzia ni wa nani."

Alipiga simu hapo hapo, poda ikiwa usoni. Dada wa kozi ya hotelini alikuwa mchangamfu. "Daktari, tuna vichwa vya mpira, vizuri mno! Mwalimu mtamwona kwenye skrini kubwa. Cheti mnapewa siku ya pili kabla ya chakula cha mchana."

"Na binadamu?"

"Binadamu si wateja wako, Daktari? Utawakuta ukirudi nyumbani."

Akapiga ya pili, simu ya picha. Daktari Foong alitokea kwenye kioo akiwa na kikombe cha kahawa. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba nusu, kope imelala kama pazia lililokatika kamba.

"Daktari, jicho lako..."

"Hili? Ni mwanafunzi wangu. Sindano ilishuka kidogo. Litafunguka lenyewe baada ya wiki kadhaa." Akanywa kahawa. "Masikini, alitaka kuacha kozi. Nimemwambia Jumamosi nalala pale pale kitandani, arudie. Wewe ukija, utafanya la kulia, angalau yafanane."

Bee Suan alitaka kucheka, lakini machozi yakamwahi.

"We, we!" Kim Looi alimpiga begani. "Poda itakuwa uji. Nenda, rudi ukishaacha kulia."

Alimpigia Premala akiwa bado na uso mweupe upande mmoja.

"Nakwenda Ipoh."

"Na chumba?"

"Chukua wewe."

"Sikukitaka peke yangu, mjinga wewe," alisema Premala, akakata simu.

Miezi miwili baadaye kibao kilipandishwa juu ya mlango wa chumba kile, kina jina moja tu, la Premala. Bee Suan alikipita akielekea kwenye basi la Ipoh, na siku hiyo hakuweza kumaliza mkate wake.

Jumamosi ya kumi na moja, Daktari Foong aliweka miwani mezani, akapanda kitandani na kulala chali. Jicho lilikuwa limeshafunguka. Wanafunzi watano walisimama ukutani.

"Haya, Bee Suan. Anza."

Bee Suan aliinua sindano. Kisha aliirudisha kwenye sinia, akapitisha mgongo wa vidole vyake juu ya uso wa mzee, kutoka kipaji mpaka kidevu, polepole.

"Unafanya nini?" aliuliza Foong.

"Umelala vizuri, Daktari? Umekula?"

Mzee alifungua jicho moja. "Uji tu."

Bee Suan akaichukua sindano.