Ukoko wa Banda la Wenyeji

Katika milki ya Mtopeni sheria zilikuwa chache, na karibu zote zilihusu chungu. Iliyo kuu ilikuwa sheria ya limbuko: hakuna raia anayegusa chakula kabla Mfalme hajakionja. Yasemekana ilianza kwa wema. Mwaka mmoja wa njaa wanyama walikuwa wakichimba mizizi wasiyoijua na kufa nayo, na Kiboko wa kwanza, aliyekuwa na tumbo kubwa kuliko wote, akaapa kwamba kila chungu atakionja yeye kwanza, ili kama kuna sumu imdhuru yeye. Raia walilia kwa shukrani, wakampa kiti cha enzi.

Njaa iliisha, sumu ikaisha, kuonja hakukuisha. Kiboko wa sasa, wa saba katika ukoo ule, alionja kwa upawa. Akimaliza yeye, Waziri Mkuu Kenge alionja kwa niaba ya Baraza, kisha mawaziri kumi na mmoja wakaonja, kila mmoja kwa niaba ya wizara yake, na mwisho Ngedere, Waziri wa Kuonja, akaonja tena ili kuthibitisha kwamba wenzake wameonja sawasawa. Chungu kilipofika kwa raia kilikuwa kimebaki ukoko, lile tabaka gumu la wali lililogandia chini. Waliukwangua, wakautafuna, wakamshukuru Mfalme kwamba hauna sumu.

Nungunungu, mpishi mkuu wa milki, aliyajua haya kuliko yeyote. Wali wake wa nazi ulinukia hadi ng'ambo ya mto, na hakuwa ameuonja hata siku moja. Mpishi naye ni raia, kwa hiyo chumvi aliipima kwa pua. Hilo alikuwa amelizoea. Lililomuuma lilikuwa jambo la mama yake. Mama alikuwa mzee, kinywani hakubaki jino, na ukoko hauliwi kwa ufizi. Kila siku Nungunungu aliuloweka mpaka ukawa uji wa kijivu usio na ladha yoyote, na mama aliunywa huku akiuliza, "Hivi mwanangu, wali wenyewe ukoje?"

Nungunungu alimweleza. Alimweleza jana na juzi na miaka yote ya nyuma, na kila mara alijiona mwongo, maana naye aliujua kwa harufu tu. Alikuwa na haja moja duniani, mama yake ale wali kabla hajafa, na haja yenyewe ilikuwa kosa la jinai.

Mwaka ule zamu ya kuandaa Maonyesho ya Mataifa iliiangukia Mtopeni. Kando ya mto kukajaa mabanda, na kila taifa likaja na mgahawa wake. Pengwini walijenga nyumba ya barafu, wakauza samaki wabichi waliokatwa vipande vyembamba mno. Ngamia walileta tende na kahawa chungu. Dubu walikuja na asali za aina arobaini, na Tausi wakafungua mgahawa ambamo mlaji hutazama sahani yake nusu saa kabla ya kuruhusiwa kuigusa. Wenyeji walizunguka wakimeza mate.

Siku ya ufunguzi Mfalme alitoka kwenda kuonja dunia nzima. Kwa Pengwini alitumbukiza kichwa chote ndani ya pipa la samaki. Pengwini, ambao ni watu wa adabu, walimwonyesha kwa upole foleni inapoanzia. Mfalme aliitazama foleni ile kutoka kichwani hadi mkiani, akauliza ni nani aliyewapanga wageni vizuri namna hii ili wamshangilie. Kufika saa sita mchana migahawa yote ya kigeni ilikuwa imefunika vyungu vyake, na wageni walioshindwa kula kwao wakaamua kwenda kujaribu banda la wenyeji.

Nungunungu alikuwa amepika chungu cha kutosha kumwogeshea ndama. Lakini Mfalme alikuwa ameshapita, na Baraza lilikuwa limeshapita nyuma yake. Alipofunua kifuniko mbele ya wageni, aliona ukoko. Aibu ilimpanda mpaka miba ya mgongoni ikasimama. Angefanya nini? Aliubandua ukoko vipande vipande, akaudondoshea mchuzi wa ukwaju uliobaki kwenye sufuria, akaupeleka mezani huku akitazama pembeni.

Mzee mmoja wa Ngamia alitafuna. Alitafuna tena. Akafumba macho.

"Mnakiitaje chakula hiki?"

"Ukoko, bwana."

"Na mnawezaje kuupata mgumu hivi nje, na ndani una moshi na nazi?"

"Ni desturi yetu ya siku nyingi," alisema Nungunungu, na hakusema uongo.

Siku ya tatu mstari ulizunguka banda mara mbili. Siku ya kumi Tausi, ambao ndio waamuzi wa mapishi ya mataifa, walitangaza kwamba katika Maonyesho yote hakuna kilichoufikia ukoko wa Mtopeni, wakalivisha banda la wenyeji utepe wa dhahabu. Habari ilifika ikulu kabla ya chakula cha mchana. Mfalme, aliyekuwa amejaza wali kinywani, aliacha kutafuna. Baraza likaitwa pale pale, na mpishi naye akaitwa.

"Nataka kujua," alisema Mfalme, "tangu lini raia wangu wanakula chakula kizuri kuliko mimi."

"Ni njama ya zamani, Mwenye Mto," Kenge alijibu. "Wanakuachia wewe wali wa juu, kitu laini laini tu, na kizuri wanakificha chini."

"Marehemu baba alijua?"

"Marehemu aliondoka hajui. Ndiyo maana linauma."

Mfalme alifuta chozi. Kisha akamgeukia mpishi. "Bi Mpishi, kuanzia leo ukoko ni chakula changu na cha wageni wangu. Unaupikaje?"

Nungunungu alihisi miba inataka kusimama, akajikaza. Alikuwa ameingia akiwaza namna ya kuomba radhi. Sasa aliona mlango umeachwa wazi, na kwamba akitaka kuupita hahitaji kudanganya hata kidogo.

"Ukoko haupikwi peke yake, Mwenye Mto. Chungu lazima kijae wali pomoni, ndipo ule wa chini ubanwe uive. Halafu wali wote wa juu uondolewe ungali moto. Ukiachwa, mvuke unaulainisha ukoko."

"Uondolewe uende wapi?"

"Ukimwagwa mtoni utaoza na wageni wataona. Labda uliwe."

"Uliwe na nani?"

Hakuna waziri aliyetaka kuonekana akila kitu kinachofunika chakula cha Mfalme.

"Na raia," alisema Kenge hatimaye. "Waule wote, wasibakishe punje. Iwe adhabu yao."

Ngedere, Waziri wa Kuonja, aliinua mkono. "Samahani, Mwenye Mto. Wakila wao kwanza, si watakuwa wamelimbua kabla yako?"

Lilikuwa swali la maana la kwanza kuulizwa barazani kwa miaka mingi, na wenzake walimchukia kwa hilo. Kenge alifikiri kidogo, akachukua kalamu, akaandika: *Wali hautahesabiwa kuwa chakula mpaka lango la Maonyesho litakapofungwa.* Mfalme akapiga muhuri. Nungunungu aliinama kwa heshima, akatoka mbio kama mwizi.

Kesho yake asubuhi alimleta mama bandani kwa mkokoteni. Raia wengine walikuwa wamesimama mbali na chungu, kila mmoja na sahani yake, wakiogopa. Nungunungu alipakua wali wa kwanza, mvuke ukipanda, akaupoza kwa kuupepea, akamlisha mama yake kwa mkono.

Mama alikaa nao kinywani muda mrefu. Halafu akameza.

"Kumbe ndiyo kazi yako hii, mwanangu," alisema.

Nungunungu alilia. Alilia mbele za watu, bila kujificha, na alipomaliza akapakua wa pili na kuula mwenyewe. Chumvi ilikuwa sawa. Digidigi akasogea, akasogea Fungo, wakasogea Panya Buku na watoto wake kumi na tisa, na adhabu ya Kenge ikatekelezwa mpaka punje ya mwisho.

Maonyesho yaliendelea miezi mitatu. Raia walinawiri, manyoya yakang'aa, wakaanza hata kubishana mambo ya nchi wakiwa wameshiba, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Huko ikulu mambo yalikuwa mengine. Ukoko ukiula siku moja ni utamu. Ukiula asubuhi, mchana na jioni, siku tisini mfululizo, unakuonyesha cha mtema kuni. Taya la Mfalme lilivimba. Ngedere alivunjika meno mawili akayameza kwa siri. Lakini nani aseme? Mfalme alikuwa ametangaza kwa mataifa kwamba hiki ndicho chakula cha wafalme, na kuifuta amri kungekuwa kukiri kwamba alikosea, na katika sheria za Mtopeni hapakuwa na kifungu cha jambo hilo. Wakatafuna, wakihesabu siku.

Wageni walifunga mizigo, wakaaga. Mfalme hakungoja hata mavumbi yao yatulie.

"Lango lifungwe sasa hivi."

Ufunguo alikuwa nao Kobe, ndani ya gamba lake. Aliteuliwa mlinzi wa ufunguo kwa sababu ndiye mnyama pekee asiyeweza kukimbia nao. Alikaa upande wa pili wa viwanja, na njia ya kutoka kwake kwenda langoni ilipita mbele ya banda la wenyeji. Tarishi alipompelekea amri, Kobe aliisoma mara mbili, akasema ameielewa, akaanza safari.

Siku ya tano Mfalme alituma askari Nyumbu wanne wamharakishe. Siku ya saba alimtuma Kenge awaharakishe askari. Siku ya tisa, mchana wa jua kali, Nungunungu aliingia ikulu na sinia la ukoko, akaliweka mbele ya Mfalme. Mfalme alikuwa peke yake. Shavu lake la kushoto lilikuwa limefungwa kitambaa.

"Kobe yuko wapi?"

"Yuko njiani, Mwenye Mto."

"Juzi ulisema yuko njiani."

"Hata juzi alikuwa njiani."

"Na askari wangu?"

"Wako naye."

"Na Kenge?"

"Naye yuko hapo hapo."

Mfalme aliutazama ukoko, akautazama mlango, akamtazama mpishi wake kwa mara ya kwanza tangu ampe kazi. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake.

"Wamekaa wanafanya nini siku zote hizo?"

"Wanakula, Mwenye Mto," alisema Nungunungu. "Mama ndiye anayewapakulia. Amewaambia wasiwe na haraka."