Waliozaliwa Tarehe Moja Januari

Nikisema nafanya kazi ya asbesto, watu hudhani navaa helmeti. Wapi! Nakaa Plano, Marekani, ghorofa ya sita, kwenye kiti kinachozunguka, nikikadiria ni watu wangapi watakaoishtaki kampuni yetu kabla hawajafa. Zamani kampuni ilitengeneza vifuniko vya mabomba ya moto, vyenye asbesto. Vumbi lile likiingia kifuani linakaa kimya miaka ishirini, hata arobaini, kisha mtu anaanza kukosa pumzi. Kwa hiyo tunakisia: wangapi wameshashtaki, wangapi bado, kila mmoja atalipwa ngapi, mpaka mwaka 2060. Jumla yake inaandikwa vitabuni kama deni, wenye hisa waione. Ikipungua, wakubwa wanafurahi.

Ijumaa ile, saa tano na nusu asubuhi, simu yangu ikalia. Alikuwa Mama Merveille, kutoka Gulfton, kule Houston.

Jina lake ni Clothilde, Mkongo wa Bukavu. Nilipokuwa mwanafunzi Houston, sina ndugu wala rafiki, yeye ndiye aliyeniona kanisani nimekonda akanichukua kwake. Miaka mitatu nilikula sombe yake ya majani ya muhogo bila kuchangia hata chumvi. Mumewe, Fidèle, ndiye aliyenifundisha kuendesha gari, kwenye maegesho ya apatimenti zao, akicheka mpaka machozi kila nilipogonga pipa la taka. Sasa Fidèle anapumua kwa mrija wa oksijeni. Daktari amesema Krismasi ataiona, zaidi ya hapo hakusema.

"Mwanangu, wewe unajua mambo ya makaratasi," Mama Merveille akaniambia. "Kumefika barua. Banasema ombi ya Fidèle wameikata. Ati yeye na Florent ni mtu moja."

Florent alikuwa ndugu yake Fidèle. Tulimzika mwaka jana. Wote wawili, walipofika tu Marekani, waliajiriwa kubandua vifuniko vya mabomba ya kiwanda kikuukuu karibu na bandari ya Houston, miaka sita, na kitambaa tu puani.

"Barua imetoka kampuni gani, mama?"

Akanisomea jina, herufi kwa herufi. Ni jina lile lile lililoandikwa ukutani nyuma ya kichwa changu. Yeye hakujua ninakofanya kazi. Kwake mimi ni "mtoto wa ofisi," basi.

"Nitaangalia," nikasema. Aki ya Mungu, nilikata simu kabla hajaniuliza lingine.

Nikafungua orodha. Miaka miwili nyuma, bosi wangu Sheldon aliniomba niisafishe, kwa sababu mawakili wengine huleta mtu mmoja mara mbili. Nikaandika kanuni kwenye kompyuta: wawili wakiwa na jina moja la ukoo, herufi moja ya kwanza, kiwanda kimoja na tarehe moja ya kuzaliwa, basi ni mtu mmoja, jina moja lifutwe. Deni likashuka kwa dola milioni thelathini na moja. Nikapigiwa makofi. Nikapewa bonasi, nikanunua Toyota.

Byamungu F., 1 Januari 1970. Byamungu F., 1 Januari 1970. Wa juu ameshalipwa, ni marehemu. Wa chini amefutwa.

Nikaangalia wengine waliofutwa. Mia mbili na kumi na wawili. Wavietnamu, Wasudani, Wakongo. Na karibu wote, jamani, moja Januari, moja Januari, moja Januari! Mtu akifika ofisi ya wakimbizi hajui alizaliwa siku gani, karani ana foleni mpaka mlangoni, anamwandikia moja Januari na kuita mwingine. Fidèle alikuwa akitusimulia jinsi yeye na kaka yake walivyoingia kambini wakiwa wamepishana miaka mitatu wakatoka mapacha. Tulikuwa tunacheka sana.

Nikaenda kwa Sheldon. Sheldon si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango.

"Naserian, wakaguzi wanasaini saa nane. Namba imeshafungwa. Tutaliangalia mwakani."

"Mwakani huyu mtu hatakuwepo."

"Hii ni hesabu. Si mtu." Akapangapanga karatasi zake. "Na viza yako inaisha Machi, sivyo? Barua yako ya kuongezewa muda iko hapa mezani. Ningependa niisaini nikiwa na roho safi."

Wee! Nilitoka pale. Nikaingia chooni, nikanawa uso, nikajitukana kwa Kimaasai na kwa Kiswahili. Baba yangu Kajiado anajengewa nyumba kwa mshahara huu. Nikajiambia, nyamaza, saini, Mama Merveille utamtafutia wakili. Wakili gani, na kwa muda upi? Saini ikishawekwa, orodha haifunguliwi mpaka mwaka mwingine.

Saa nane tukakaa, watu saba kuzunguka meza. Jessica, mkaguzi mkuu, alikuwa na karatasi moja mbele yake, ile ya kiapo. Kila mwaka anauliza swali lile lile na kila mwaka tunaitikia kama watoto wa Sunday school.

"Kuna yeyote hapa anayejua jambo linaloweza kubadilisha makadirio haya?"

Hapana, akasema wa kwanza, akasaini. Hapana. Hapana. Kalamu ikawa inazunguka inakuja. Sheldon akasema hapana, akasaini, akanisogezea kalamu huku akitabasamu kidogo, kwa upole kabisa. Nilimwogopa kuliko kama angenifokea.

Nikaishika. Nikaiweka chini.

"Mimi najua," nikasema.

Nikawaeleza yote: wale mia mbili na kumi na wawili, karani wa wakimbizi, Fidèle na Florent. Mtu mmoja akasema huenda ni udanganyifu, nani anazaliwa siku moja na watu wote hao? Hasira ikanipanda. Nikatoa leseni yangu ya kuendesha gari, nikaibwaga katikati ya meza.

"Isome! Mimi sikuwa hata mkimbizi. Nilizaliwa nyumbani. Baba alipokwenda kunitafutia cheti cha kuzaliwa cha kufanyia mtihani wa darasa la nane, karani alimuuliza tarehe, akajibu ulikuwa mwaka wa ukame. Karani akaandika moja Januari. Kila mwaka mnaniimbia tarehe mbili kwa sababu moja ni sikukuu. Keki yangu mmekula!"

Jessica akaiokota leseni, akaisoma tarehe.

"Ulijua lini kwamba kanuni hii ina makosa?"

Ningeweza kusema leo. Barua ilikuwa imefika leo. Sheldon alikuwa ananitazama, nadhani naye aliomba niseme leo.

"Siku ile ile niliyoiandika," nikasema. "Niliziona hizo tarehe. Nilijua ni za watu kama mimi. Nikabonyeza."

Jessica akaichukua ile karatasi yenye saini za wenzangu akaipasua mara mbili. "Sisaini chochote mpaka hayo majina yarudi."

Kufika saa kumi yalikuwa yamerudi, yote, na barua za kuwakataa wenyewe zimebatilishwa. Sheldon mwenyewe ndiye aliyesaini zibatilishwe. Hakuniangalia. Akaniambia niache kadi ya mlango kwa askari nikishuka, nisirudi.

Nikampigia Mama Merveille nikiwa kwenye gari.

"Jina la Fidèle limerudi, mama. Wataanza kumshughulikia wiki ijayo."

Akapiga kelele, akamshukuru Mungu, akanibariki mimi na watoto ambao sina. Nilimwacha amalize. Kisha akauliza, "Lakini ni nani alimtoa? Mtu wa namna gani?"

"Ni mimi, Mama Merveille. Ni kazi yangu. Nilijua, na nilimtoa."

Nilisikia mashine ya oksijeni ikivuta na kutoa, vuta, toa. Nikalia, sikujificha.

"Usinielezee mimi," akasema mwishowe, polepole. "Kuja umwambie yeye mwenyewe. Leo, angali anasikia."

Ni saa nne za barabara. Nikafunga mkanda, nikaangalia kioo cha kulia, cha kushoto, cha nyuma, kwa mpangilio ule ule alionifundisha, nikaondoka.