Brashi Haonekani Siku Hizi

Mpaka rangi huyu jina la Brashi alipewa na rafiki yake, fundi umeme, miaka ile walipokuwa wakigombana katika majengo yaleyale. Fundi umeme alitoboa kuta na kupitisha nyaya. Mpaka rangi alikuja nyuma yake kuzifunika. Tatizo ni kwamba fundi umeme hakujua kumaliza kazi. Kila mara alikumbuka jambo, akarudi, akaacha alama za vidole vyake kwenye ukuta ambao haujakauka. Siku moja mpaka rangi alimjia juu, mishipa ya shingo imemsimama. Mwenzake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe Brashi, mimi nakutafutia kazi ya kudumu, nawe unanifokea." Mpaka rangi alitaka kununa, lakini kicheko kilimponyoka. Jina likamganda, na urafiki nao ukaota mizizi.

Walikuja kugundua kwamba wanasali kanisa moja, mmoja benchi za mbele na mwingine karibu na mlango. Wakaanza kukutana kila Jumatano baada ya kazi, sebuleni kwa fundi umeme, kusoma Neno na kuomba. Kusema kweli, aliyeomba ni fundi umeme. Brashi alikuwa mtu wa "amina". Mkewe Brashi alipougua, fundi umeme alilala kwenye benchi la hospitali kama vile mgonjwa ni dada yake wa kuzaliwa. Na baada ya mazishi, waombolezaji walipokwisha kutawanyika, ni yeye aliyebaki jikoni kwa Brashi, mikono ya shati imekunjwa, akisugua masufuria ya watu.

Ugonjwa wa fundi umeme ulianza kama mzaha. Alipanda ngazi kanisani kubadilisha taa, akasimama huko juu na balbu mkononi, kisha akauliza amepanda kufanya nini. Watu walicheka, na yeye akacheka kuwazidi. Lakini baadaye alipotea akitoka dukani, hatua chache tu kutoka kwake, na mkewe akamkuta ameketi kwenye kibaraza cha nyumba ya watu akilia. Daktari alisema ni ugonjwa wa ubongo, unakula kumbukumbu kidogo kidogo, na dawa yake kubwa ni kutunzwa.

Mwanzoni washirika walikuja kundi zima, nyimbo zikasikika mpaka barabarani. Kisha wakaja wawili wawili. Mwishowe ikawa wanamshika Brashi mkono mlangoni mwa kanisa: "Mgonjwa wetu anaendeleaje? Mpe salamu zetu." Brashi alizibeba salamu hizo, lakini huko alikozipeleka hapakuwa na wa kuzipokea. Maana siku ilifika ambapo fundi umeme alimfungulia mlango, akamtazama usoni, akampa mkono kwa adabu zote na kusema, "Karibu, bwana. Sidhani kama tunafahamiana."

"Ni mimi, kaka. Brashi."

Fundi umeme alimkagua kuanzia mvi mpaka viatu. "Usinitanie. Brashi namjua. Ana nywele nyeusi tii."

Jumatano iliyofuata Brashi alijaribu tena. Akamweleza habari za majengo, za kuta, za alama za vidole. Mgonjwa akaingiwa na hofu. Alijificha nyuma ya mkewe na kumnong'oneza kwamba mzee huyu anajua mambo ya nyumba hii mengi mno, huenda ni mwizi. Tangu hapo Brashi hakujitambulisha tena.

Ndevu ndizo zilizompatia nafasi mpya. Mke wa fundi umeme, ambaye Brashi alimwita shemeji, alikuwa ameshindwa kumnyoa mumewe. Kila akisogeza wembe, mume alimsukuma. Siku hiyo Brashi alichukua povu, akampaka taratibu, kama anavyopaka fremu ya dirisha bila kugusa kioo. Mgonjwa akafumba macho, mabega yakamshuka.

"Kinyozi mzuri wewe," alisema. "Una mkono mwepesi."

Basi, akawa kinyozi. Na kwa kinyozi watu huongea.

"Nilikuwa na rafiki," fundi umeme alimwambia Jumatano moja, povu limejaa kidevuni. "Mpaka rangi. Haonekani siku hizi."

Wembe ulisimama hewani. "Labda kazi zimembana."

"Kazi gani hizo? Mwenzio anaumwa, wewe hutii mguu? Mke wake alipolazwa nililala hospitalini." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza maumivu ya goti, jambo alilokwisha kuzoea kuishi nalo. "Watu hubadilika, kinyozi. Sikudhani na yeye."

Brashi akamalizia shavu la pili.

Wiki baada ya wiki ikawa hivyo. Alikuja, akanyoa, akasikia jinsi Brashi alivyomtupa rafiki yake, akafuta wembe, akaondoka. Kanisani watu walimpigapiga begani wakimwambia yeye ni rafiki wa kufa na kuzikana, naye aliinamisha kichwa. Waliomsifu walikuwa wengi. Lakini Brashi alitaka kusikia hivyo kutoka kwa mtu mmoja tu, na huyo alikuwa akisimulia kinyume chake kila Jumatano, taulo shingoni.

Akaacha kwenda.

Hakumuaga mtu. Alichukua kazi ya kupaka rangi shule moja upande wa pili wa mji, wanafunzi wakiwa likizo, akajifungia madarasani peke yake na ngazi na ndoo zake. Akikohoa, kuta zilimkoholea. Jumatano alijipa kazi ngumu zaidi, dari na kona za juu, ili shingo imuume asipate nafasi ya kuwaza. Alijiambia kwamba kule hajulikani, na asiyejulikana hakosekani. Mchana aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akafungua chakula chake, akafumba macho ashukuru. Maneno hayakuja. Akangoja kidogo, akafumbua macho na kula hivyohivyo.

Jumapili moja shemeji alikuja kanisani peke yake. Jirani alikuwa amekubali kumkalia mgonjwa. Baada ya ibada alisimama kando ya Brashi karibu na mlango. Alikuwa amekonda, na gauni lilimpwaya mabegani. Brashi alijiandaa kwa lawama, lakini hakulaumiwa.

"Anamuulizia kinyozi," shemeji alisema.

"Kinyozi?"

"Kila siku anavuta kiti, anajifunga taulo, anakaa. Ndevu zimefika hapa. Nikimgusa tu, anapiga kelele majirani wanatoka nje."

Brashi aliuliza, "Na Brashi je?"

"Brashi naye anamtaja. Lakini huyo alishazoea kumkosa."

Brashi akajikuta anamwonea wivu kinyozi. Alijua ni upuuzi, mtu mzima kushindana na mikono yake mwenyewe, lakini wivu ulikuwa wivu kweli.

"Shemeji," mama yule aliendelea kwa sauti ya chini, huku akiitikia salamu za wapita njia kwa kichwa, "mimi amenioa, nimemzalia, na asubuhi hii ameniuliza kama kwetu wanajua niko nyumbani kwake." Tabasamu likampita, likatoweka. "Sikuambii uje. Nakuambia tu hayo yako si yako peke yako."

Jumatano Brashi aliacha dari nusu, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akaenda.

Fundi umeme alikuwa kwenye kiti, taulo shingoni. "Umechelewa," alisema.

"Nisamehe."

"Haya, anza. Nimekuwa kama beberu."

Brashi alinyoa polepole, maana ndevu zilikuwa nzito. Hakuulizwa alikokuwa. Alipomaliza na kuanza kumpangusa masikio, mgonjwa alimshika mkono.

"Wewe unasali?"

"Nasali."

"Basi kabla hujaondoka tuombe."

Mazungumzo ya kawaida yalikwisha kuwa shida kwa fundi umeme. Alianza sentensi akaipoteza njiani. Lakini alipoinamisha kichwa na kuanza kuomba, alikwenda kama mtu anayetembea ndani ya nyumba yake gizani, hagongi kiti wala meza.

"Baba, namleta Brashi. Unamjua alivyo. Ukimya wa nyumba yake unamtisha. Akitoka anaiacha redio inaongea, ili akirudi akute sauti ya mtu. Kaa naye. Na mwanawe yule aliyeondoka kwa hasira, mlainishe moyo. Brashi hajui kukuomba kwa maneno, anaona haya, lakini ile amina yake ilikuwa ya moyo wote, mimi nilikuwa namsikia. Kama nimemkosea na ndiyo sababu haji, nionyeshe, nikamwombe radhi. Na kama amenichoka mimi, usikubali akuchoke na wewe."

Brashi alikuwa ameganda, kitambaa mkononi. Habari za redio alikuwa amemwambia mtu mmoja tu duniani, mara moja, wakiwa njiani wanarudi nyumbani, naye akadhani zimepita na upepo. Kumbe zilikuwa zimewekwa. Kila kitu kilikuwa kimebomoka ndani ya kichwa kile, majina ya watoto, njia ya dukani, sura ya mke, na bado katikati ya kifusi chote yeye Brashi alikuwa amesimama mzima, na kuombewa anaombewa.

"Amina," alisema, na sauti haikuwa yake.

Fundi umeme alimtazama. "Unamfahamu Brashi?"

"Namfahamu."

"Anasemaje juu yangu?"

Brashi alichuchumaa mbele ya kiti ili macho yao yalingane. "Anasema hukumkosea chochote. Anasema hajakuacha, kaka. Hata siku moja hajawahi kupata rafiki mwingine kama wewe."

"Mwambie aje, basi."

"Nitamwambia."

Njiani alijiuliza kama amesema uongo. Aliupima pande zote, asipate jibu, akauacha mikononi mwa Mungu. Usiku ule alimpigia mwanawe simu. Walizungumza habari za mvua, na kila mmoja alisubiri mwenzake akate. Hakuna aliyetaja yaliyopita. Lakini simu ilikuwa imepokelewa.

Hakukosa tena Jumatano. Fundi umeme aliendelea kulalamika na kuombea, kulalamika na kuombea, na Brashi aliyapokea yote mawili. Kisha mvua zilipozidi, lawama zikaanza kupungua. Jumatano moja Brashi hakutajwa kabisa. Iliyofuata vilevile. Katika maombi jina lilisogea nyuma, likawa "yule mwenzangu", likawa "yule", halafu maombi yenyewe yakabaki mguno tu. Siku Brashi alipotambua kwamba hakuna tena anayemngoja, alisimama karibu na dirisha na kukunja taulo mara mbili, mara tatu. Lawama zilizomfukuza ndizo sasa alizozitamani. Angalau zilikuwa na jina lake ndani.

Mchungaji alipomuuliza kama bado anakwenda, na kama mgonjwa ananufaika, Brashi alifikiri kwanza. "Sijui kama ananufaika," alijibu. "Mimi nakwenda kwake."

Kuna jambo lingine ambalo hakumwambia mchungaji, kwa kuwa halikuwa lake la kutangaza. Jumatano akishaingia na kuvua viatu, shemeji alienda chumba cha ndani, akajilaza bila hata kujifunika, akalala kama mtu aliyeanguka. Wiki nzima hakuwa akipata usingizi wa kueleweka. Mumewe alizunguka nyumba akijaribu milango. Kwa hiyo Brashi alipomaliza kunyoa hakuondoka. Alivuta stuli, akaketi.

Nje watu walikuwa wakirudi kutoka kazini, geti la jirani likifunguliwa na kufungwa. Nyuma ya ukuta shemeji alikoroma kidogo, akageuka, akakoroma tena. Fundi umeme alikuwa ameshika ncha ya mkono wa shati la Brashi, anaisuguasugua kati ya vidole viwili, macho yake dirishani. Brashi alikuwa na kiu, na mguu mmoja ulikuwa umekufa ganzi. Hakujisogeza.